Mwinuko Bandia na Asidi ya Laktiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanamichezo wa masafa marefu, wawe wakimbiaji, waendesha baiskeli, waogeleaji au wapiga makasia, pamoja na makocha wao. Wengi huja na swali moja: nikilala kwenye hema la mwinuko, miguu itaacha kuwaka moto dakika za mwisho? Jibu lipo, ila lina pande kadhaa, na baadhi ya yale yanayosemwa na wauza vifaa hayana msingi.

Mwinuko bandia ni kitu gani hasa?

Hewa ina oksijeni takriban asilimia 20.9, uwe ufukweni au kileleni mwa mlima. Kinachopungua unapopanda ni kanieneo ya hewa. Usawa wa bahari ni kama milimita 760 za zebaki, na ukifika mita 2,500 imeshuka hadi karibu 560. Kanieneo ikishuka, nguvu inayoisukuma oksijeni kutoka mapafuni kuingia kwenye damu nayo hupungua.

Hema au chumba cha mwinuko hufikia hali hiyohiyo kwa njia nyingine. Mashine huchuja oksijeni au huongeza naitrojeni, hadi oksijeni ibaki asilimia 15 na kidogo kwa mwinuko wa mita 2,500, au 14 na kidogo kwa mita 3,000. Kanieneo yenyewe haiguswi. Vipo pia vyumba vya chuma vinavyonyonywa hewa ili kanieneo ishuke kweli, lakini hivyo hukutwa zaidi kwenye vituo vya utafiti. Wafini, Heikki Rusko akiwa mstari wa mbele, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujenga nyumba za naitrojeni kwa ajili ya wanamichezo mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Barakoa za mazoezi zenye vali nazo ni mwinuko bandia?

Hapana. Barakoa ya namna hiyo inabana njia ya hewa tu, na hewa inayopita bado ina oksijeni asilimia 20.9. Utachosha misuli ya kupumulia, basi. Kama hakuna mashine inayopunguza oksijeni, hakuna mwinuko.

Ni kweli asidi ya laktiki ndiyo inayounguza misuli?

Hili ni kosa lililoota mizizi, na mtu asipolitoa kichwani atasoma vibaya kila namba atakayopimwa.

Misuli inapovunja sukari hupata pairuveti. Mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, ndizo zinazoichoma pairuveti kwa oksijeni, lakini kasi ya kuvunja sukari ikizidi uwezo wao, kimeng'enya cha laktati dehidrojenesi huigeuza pairuveti iliyobaki kuwa laktati. Mgeuko huo unarudisha NAD+, molekuli inayosaidia vimeng'enya kufanya kazi, na bila NAD+ uvunjaji wa sukari ungekwama palepale. Kwa maneno mengine, laktati ndiyo inayokuruhusu uendelee kusukuma. Asidi ya laktiki yenyewe karibu haipo mwilini, kwa sababu kwenye pH ya damu, yaani kipimo cha uasidi wake, ambayo ni karibu 7.4, zaidi ya asilimia 99 yake imekwishaachana ikawa laktati na ioni za haidrojeni.

Ioni hizo za haidrojeni zikirundikana ndizo zinazoshusha pH ya misuli. Zikiungana na fosfeti inayobaki baada ya nishati kutumika, zinachangia uchovu unaousikia. Laktati yenyewe ni nishati inayosafiri. Moyo unaipenda. Nyuzi za misuli za mwendo wa polepole zinaichoma. Ini huigeuza kuwa sukari tena, mzunguko uliogunduliwa na Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Na tangu miaka ya 1980 George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ameonyesha kwamba laktati huhama kutoka nyuzi moja kwenda nyingine na kutoka kiungo kimoja kwenda kingine hata wakati oksijeni ipo ya kutosha.

Maumivu ya kesho yake na keshokutwa hayahusiani nayo kabisa. Laktati hurudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi, na mapema zaidi ukikimbia taratibu badala ya kukaa chini.

Siku ya kwanza ndani ya chumba cha mwinuko, laktati inafanyaje?

Inapanda. Ukikimbia kwa kasi ileile uliyoizoea, misuli inahitaji oksijeni ileile, ila uwezo wako wa juu wa kuitumia umeshuka, kwa hiyo kasi iliyokuwa ya wastani imegeuka kuwa kali. Adrenalini inapanda, na adrenalini huchochea uvunjaji wa glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa misulini. Matokeo yake, kasi iliyokuwa ikikupa laktati ya milimoli 2 kwa lita inaweza kukupa 3 au 4.

Wanamichezo waliobobea huathirika zaidi kuliko watu wa kawaida, na hilo huwashangaza wengi. Moyo wao unasukuma damu kwa wingi mno hivi kwamba damu inapita mapafuni kabla haijajaa oksijeni sawasawa, na hewa ikiwa na upungufu pengo hilo linapanuka. Kwa hiyo usiende na kasi zako za kawaida ndani ya chumba. Pima upya humohumo, upange mazoezi kwa kipimo hicho kipya.

Nikishazoea mwinuko, laktati hushuka?

Hushuka, na hapa kuna jambo lililowaumiza vichwa wanasayansi wa utendaji wa mwili kwa miongo mingi. Msafara wa kimataifa wa kisayansi uliokwenda kwenye milima ya Chile mwaka 1935 uligundua kwamba watu waliokwishazoea mwinuko mkubwa, wakijitahidi hadi mwisho wa nguvu zao, walikuwa na laktati ndogo kuliko waliyoipata usawa wa bahari. Ukifikiri kwamba laktati hutoka pale tu oksijeni inapokosekana, matokeo hayo hayaingii akilini: oksijeni imepungua, iweje laktati nayo ipungue?

Mwaka 1985 jambo hilo lilionekana tena ndani ya chumba. Katika utafiti ulioitwa Operation Everest II, wanaume 8 waliishi siku 40 kwenye chumba cha kanieneo ya chini huko Natick, Massachusetts, wakipandishwa pole pole hadi kiwango cha kilele cha Everest bila kupanda hata jiwe moja. Nao laktati yao ya juu ilipungua kadiri walivyopanda. Sehemu kubwa ya maelezo iko kwenye adrenalini, kwani mwili uliozoea huitoa kwa kiasi kidogo kwa kazi ileile, na glikojeni haivunjwi kwa pupa. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hali hii inaweza kuwa ya mpito, na kwa mtu anayekaa juu muda mrefu laktati ya juu inaweza kurudi. Mjadala huo bado upo.

Kwa mwanariadha, funzo la vitendo ni hili: laktati ndogo mwishoni mwa jaribio la nguvu zote si lazima iwe habari njema. Inaweza kumaanisha mwili umeshindwa kufikia kasi yake ya juu ya kuvunja sukari.

Kama nalala tu hemani na mazoezi nafanyia chini, laktati itabadilika?

Mtindo huo wa kulala juu na kufanya mazoezi chini ulipata jina mwaka 1997, Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walipochapisha matokeo ya wakimbiaji walioishi mita 2,500 na kufanya mazoezi mita 1,250 kwa wiki nne. Hao walikuwa milimani kweli. Kwa mwinuko bandia, Waaustralia ndio waliochimba suala la laktati kwa kina, na tafiti zao mbili zinastahili kuwekwa pamoja.

Ya kwanza ni ya Chris Gore na wenzake, 2001. Wanamichezo walilala usiku 23 kwenye mwinuko bandia wa mita 3,000, kama saa tisa na nusu kila usiku. Uwezo wa misuli yao kuzuia asidi, yaani kumeza ioni za haidrojeni bila pH kuporomoka, uliongezeka kwa karibu asilimia 18. Pia walitumia nishati kidogo zaidi kwa kazi ileile kwenye baiskeli.

Ya pili ni ya mwaka 2004, ikiongozwa na Sally Clark, kwa waendesha baiskeli na wanatriatloni 29. Safari hii watafiti walitumia laktati iliyowekewa alama ya mionzi ili wafuatilie inakotoka na inakoishia, jambo ambalo tone la damu peke yake haliwezi kukuambia. Kundi moja lililala usiku 20 mfululizo kwenye mita 2,650, kundi jingine usiku 20 uliokatwakatwa kwa mapumziko, na la tatu halikulala kwenye mwinuko. Wale wa usiku mfululizo walipofanya kazi kwa asilimia 85 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni, kasi ya kutengeneza laktati ilikuwa imepungua. Lakini protini za MCT1 na MCT4, zinazovusha laktati kupitia kuta za seli, hazikuongezeka. Wala uwezo wa kuzuia asidi haukubadilika.

Soma hizo mbili kwa pamoja uone ugumu wake. Ya kwanza inasema misuli inamudu asidi vizuri zaidi. Ya pili inasema misuli inatoa laktati kidogo tangu mwanzo, na haioni badiliko lolote kwenye uwezo wa kumudu. Mimi naegemea upande wa kwamba faida kuu ya kulala hemani, pale inapopatikana, ni kupunguza utengenezaji. Vipimo vya mionzi vinatenganisha kinachoingia kwenye damu na kinachotoka, na wanamichezo walikuwa wengi zaidi. Hata hivyo hakuna atakayekuahidi yote mawili kwa uaminifu.

Ndani ya seli kunatokea nini?

Oksijeni ikipungua, protini iitwayo HIF-1 huacha kuvunjwavunjwa na huingia kwenye kiini cha seli kuwasha jeni kadhaa. Kazi ya kufichua utaratibu huo iliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Miongoni mwa jeni zinazowashwa ni za vimeng'enya vya kuvunja sukari, za laktati dehidrojenesi na za MCT4, pamoja na jeni ya kimeng'enya kinachofunga mlango wa pairuveti kuingia kwenye mitokondria.

Msomaji makini atagundua tatizo: hayo yote yanaelekeza kwenye laktati zaidi, si kidogo. Ndiyo. Lakini dalili ya HIF-1 usiku, mwili ukiwa umetulia na oksijeni ya damu imeshuka kiasi tu, ni hafifu ukilinganisha na ile ya misuli inayofanya kazi kali kwenye hewa haba. Mwanariadha anayelala hemani anafanya mazoezi kwenye hewa ya kawaida, na misuli yake inapata ujumbe wa kawaida wa kujenga mitokondria. Kulala na kufanya mazoezi kwenye mwinuko bandia ni dawa mbili tofauti, ingawa zinatumia mashine moja.

Je, mazoezi ndani ya chumba chenyewe?

Hapa ndipo mashine inapogusa njia ya laktati moja kwa moja. Mwaka 2013 Raphael Faiss na wenzake nchini Uswisi waliwapa waendesha baiskeli vipindi 8 vya mbio fupi za nguvu zote, za kurudiarudia, katika wiki nne. Nusu walikuwa kwenye mwinuko bandia wa mita 3,000, nusu kwenye hewa ya kawaida. Nguvu za mbio moja ziliongezeka kwa makundi yote. Tofauti ilionekana kwenye kurudia: waliotumia mwinuko walitoka wastani wa mbio 9 hivi kabla ya kuishiwa hadi karibu 13, na wengine hawakuongeza. Kwenye vipande vya misuli vilivyochukuliwa, ujumbe wa kijeni wa MCT4 ulikuwa umepanda kwa kundi la mwinuko.

Mwendesha baiskeli anayelazimika kufuata mashambulizi mengi ndani ya shindano moja atafaidika na hilo kuliko mkimbiaji wa marathoni, ambaye laktati yake hukaa chini kwa sehemu kubwa ya mbio. Mkimbiaji wa mita 1,500 au 5,000 yuko katikati. Usichukue programu ya mwenzako wa mchezo mwingine ukaivaa kama ilivyo.

Nasikia mwinuko hupunguza baikaboneti kwenye damu. Hilo si baya?

Ni kweli. Hewa ikiwa haba unapumua zaidi, unatoa kaboni dioksidi nyingi, damu inaelekea kwenye ualkali, na figo hurekebisha kwa kumwaga baikaboneti kwenye mkojo. Baikaboneti ndiyo kinga kuu ya damu dhidi ya asidi, hivyo kwa muda unakuwa na akiba ndogo. Anayelala tu hemani hupata badiliko dogo kuliko anayekaa juu mchana na usiku. Akiba hurudi ndani ya siku chache, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutopanga jaribio muhimu asubuhi ya mara tu baada ya usiku wa mwisho hemani.

Kipimo changu kinaonyesha laktati imeshuka kwa kasi ileile. Nimeimarika?

Huenda. Lakini kabla hujafurahi, kagua mambo haya, kwa sababu makocha wengi hudanganywa hapa.

La kwanza ni glikojeni. Mwanariadha aliyechoka, aliyekula wanga kidogo, au aliyefanya mazoezi magumu jana yake ana glikojeni haba misulini. Malighafi ikipungua, laktati inapungua kwa kila kasi, na mchoro wa laktati dhidi ya kasi unasogea kulia kama wa mtu aliyeimarika. Mwinuko bandia huongeza hatari hii: usingizi wa hemani mara nyingi huwa mbovu, hamu ya kula inaweza kushuka, na uchovu hujilimbikiza bila mtu kuujua. Dalili ya kutofautisha iko kwenye mwisho wa jaribio. Aliyeimarika kweli ana laktati ndogo kwenye kasi za kati, na akisukumwa hadi mwisho bado anafikia laktati ya juu na kasi kubwa zaidi. Aliyeishiwa glikojeni ana laktati ndogo kila mahali, mapigo ya moyo yanagoma kupanda, na anasimama mapema akisema miguu ni mizito.

La pili ni jasho. Jasho lina laktati nyingi kuliko damu. Mpimaji anayetoboa kidole chenye jasho atasoma namba ya uongo, mara nyingi ya juu. Safisha ngozi, ikaushe kabisa, toboa, futa tone la kwanza, upime la pili bila kukamua kidole kwa nguvu. Ukianza kwa ndewe ya sikio, endelea na ndewe ya sikio siku zote.

La tatu ni kile kiwango cha milimoli 4 kilichozoeleka tangu miaka ya 1970 kuwa kizingiti, yaani mahali laktati inapoanza kurundikana kwa haraka. Ni wastani wa watu wengi, si sheria ya mwili wako. Kizingiti cha mtu kinaweza kukaa chini au juu ya hapo. Jilinganishe na wewe mwenyewe, kwa zoezi lilelile, saa ileile, chakula kilekile cha siku mbili zilizotangulia.

Natakiwa kukaa saa ngapi, usiku mangapi?

Kwa damu, yaani kuongeza hemoglobini inayobeba oksijeni, kanuni ya jumla ni ongezeko la takriban asilimia 1 kwa kila saa 100 za mwinuko wa kutosha. Ndiyo maana hupendekezwa mita 2,500 hadi 3,000, saa 12 au zaidi kwa siku, kwa wiki tatu au nne. Kwa laktati, tafiti nilizotaja zilitumia saa chache, kama tisa au kumi za usiku, na usiku mfululizo ndio uliopunguza utengenezaji. Saa moja au mbili kwa siku ukiwa umekaa na barakoa ya mashine hazina ushahidi wa maana kwa mwanariadha wa masafa marefu.

Kuna anayesema yote ni imani tu. Ana hoja?

Anayo, na isipuuzwe. Mwaka 2012 Christoph Siebenmann na wenzake walichapisha utafiti ambao wanamichezo 16 waliishi kwenye vyumba saa 16 kwa siku kwa wiki nne, wengine kwenye mwinuko bandia wa mita 3,000 na wengine kwenye hewa ya kawaida, bila wao wala wapimaji kujua nani yuko wapi. Hemoglobini haikuongezeka, uwezo wa juu wa kutumia oksijeni haukupanda, wala muda wa shindano haukuboreka zaidi kwa kundi la mwinuko. Watu hutofautiana sana, na kambi yenyewe, yaani kulala mapema, kula vizuri na kuwa na kocha karibu, huleta maendeleo ambayo hema hupewa sifa yake. Kama mazoezi yako ya msingi bado hayajakaa sawa, pesa ya hema ipeleke huko kwanza.

Madini ya chuma yanahusika?

Sana. Bila chuma cha kutosha mwili hautengenezi hemoglobini hata ukilala hemani miezi. Pima feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, wiki kadhaa kabla. Ikiwa chini ya mikrogramu 30 hivi kwa lita, muone daktari kabla ya kuanza. Usimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha, kwani chuma kikizidi kinadhuru.

Hatari ni zipi?

Hema dogo lililofungwa hukusanya kaboni dioksidi unayoitoa mwenyewe. Mashine ikizimika umeme unapokatika, hewa mpya haiingii tena, kwa hiyo zipu ifunguke kwa urahisi kutoka ndani na king'ora cha kipima oksijeni kiwe na betri yake. Vihisi vya oksijeni huchakaa, vipimwe kwenye hewa ya nje mara kwa mara, visome 20.9. Anza na mita 1,800 hadi 2,000 kwa siku chache kabla ya kupandisha. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija, au oksijeni ya damu ikishuka mno usiku, toka nje.

Wenye ugonjwa wa selimundu wasitumie kabisa. Aliyerithi vinasaba vyake kwa mzazi mmoja, hata kama hajawahi kuugua, asifanye mazoezi makali kwenye chumba cha mwinuko bila ushauri wa daktari, kwa sababu oksijeni haba pamoja na juhudi kubwa vinaweza kumwangusha. Wajawazito, wenye matatizo ya moyo au mapafu na wanaokatika pumzi usingizini nao wapate idhini ya daktari kwanza.

Inaruhusiwa kwenye mashindano?

Ndiyo. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, lilijadili suala hili mwaka 2006 na likaamua kutoyaingiza mahema na vyumba vya mwinuko kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Baadhi ya mashirikisho ya kitaifa yamewahi kuwa na msimamo mkali zaidi, na Norway ilijulikana kwa miaka mingi kwa kuwakataza wanamichezo wake. Uliza shirikisho lako kabla ya kununua au kukodi.